Majirani Watano wa Chuma

Mtoro Bushiri alishuka Kibiti siku ya Jumanne, na Jumanne si siku ya mfanyakazi wa serikali kuonekana kwao. Hilo la kwanza. La pili, hakushuka na mkate wala sukari wala kanga ya mkewe. Alishuka na kopo. Kopo la bati la maziwa ya unga, mdomo umezungushiwa utepe wa gundi, na juu ya utepe mtu kapiga saini tatu, ili ukiubandua tu saini zipasuke. Alilikumbatia tangu Dar es Salaam. Kondakta alipotaka kulipandisha kwenye keria pamoja na matenga ya kuku, Mtoro alimjibu kwamba yuko radhi apandishwe keria yeye mwenyewe, kopo libaki ndani.

Mwaka huo wa tisini na tatu gazeti lilifika Kibiti likiwa limeshachakaa, lakini nani alilihitaji? Kabla Mtoro hajafika mlangoni kwake, pale stendi palikuwa na maoni matatu. Wapo waliosema ni baruti ya kuulia samaki, inapelekwa kwenye delta ya mto. Wapo waliosema ni madini, maana biashara ilikuwa imeachiwa huru na kila mwenye kokoto mfukoni alikuwa anajiita mwekezaji. Na wapo waliosema kapunguzwa kazini, kopo ndilo kiinua mgongo chake. Hao wa tatu walikuwa jirani na ukweli kuliko walivyojua.

Mkewe, Mwanahawa, hakuuliza kitu. Alilitazama kopo, akamtazama mume, akampa maji ya kuoga. Mwanamke asiyeuliza ana maana yake, na Mtoro alioga haraka haraka, kopo likiwa juu ya ukuta wa bafu ambapo angeweza kuliona.

Ili umwelewe huyu bwana, inabidi urudi nyuma kidogo. Alizaliwa Mbuchi, huko delta, ambako mtoto anajua kuogelea kabla hajajua kutukana. Baba yake alikuwa mkata mikoko, na mgongo ulipomshinda akahamia nchi kavu, Kibiti, akawa mchoma mkaa. Sasa kuchoma mkaa, kwa asiyejua, si kuchoma. Ni kuzuia kuungua. Unapanga magogo, unayafunika majani, juu unakandika udongo, unawasha kwa tundu moja, halafu kazi yako yote ya siku sita saba ni kulizunguka tanuri ukitafuta panapofuka moshi upazibe. Hewa ikipenya, umevuna majivu. Mtoro alikulia kwenye mzunguko huo, na watu wa kwao wanasema ndiko alikopata ugonjwa wake wa kushuku. Mtu aliyelelewa kutafuta nyufa atazitafuta hata kwenye salamu. Ukimwambia hujambo, anataka kujua umesikia nini.

Alimaliza darasa la nane, akazungukazunguka, na mwaka wa sabini na moja akaajiriwa kufagia maabara ya kemia kwenye chuo kimoja cha Dar es Salaam. Alifagia miaka minne. Wakampandisha kuosha vyombo, kisha kupima unga kwenye mizani, na mwisho wakampa tanuru la umeme, kwa sababu aliyekuwa akilitumia alilichoma mara mbili. Hakuna aliyemfundisha. Alilisikiliza tu. Kufika miaka ya themanini alikuwa anajua kwa mlio kama limepita nyuzi elfu moja, na wenye shahada walikuwa wanakuja kumuuliza kwa sauti ya chini, ili wanafunzi wasisikie.

Kisha akaja Daktari Abdulkarimu, kijana kutoka masomoni ng'ambo, miwani mipana, mkono mwepesi wa kuandika. Kazi yake ilikuwa unga mweusi. Unachanganya strontiamu, chuma na manganizi, unatwanga kwenye kinu kidogo kwa saa tatu nzima mpaka bega liseme, unagandamiza viwe vidonge, unavitia ndani ya bomba la kauri, unaoka siku nzima kwa moto mkali. Ndani ya bomba unapitisha gesi ya argoni muda wote, ili hewa ya kawaida isiingie.

Vikishaiva, atomi zake hujipanga. Wasomi wanauweka unga huo katika jamii ya perovskaiti. Jina lisikutishe, wapo maprofesa wanaolitamka kwa kujikaza. Wewe chukulia ni mtaa wa nyumba zilizopimwa. Kila chuma kimekaa katikati ya chumba chake na oksijeni sita zimekizunguka, nne ukutani, moja darini, moja sakafuni. Manganizi naye vivyo hivyo kwenye vyumba vyake. Lakini ukioka bila hewa, oksijeni hazitoshi. Katika kila sita moja haipo, mahali pake pamebaki pengo. Daktari alikuwa anayataka mapengo hayo, kwani oksijeni nyingine huweza kupita humo, na kitu kigumu kinachopitisha oksijeni kina wanunuzi wengi duniani. Swali lilikuwa moja: mapengo yamekaa wapi?

Mashine ya eksirei ikajibu. Lakini eksirei ile haichungulii chumba kimoja. Inatazama mamilioni ya mamilioni ya vyumba kwa mpigo mmoja, inavilundika, inakutolea picha ya chumba cha wastani. Picha ilisema: mchemraba safi, vyumba vyote sawa, kila chuma kina majirani watano. Mtoro alipoelezwa hivyo aliuliza huyo wa sita kafukuzwa upande gani. Daktari akacheka, akasema pande zote sawasawa. Mtoro hakucheka. Alikaa na jibu hilo kama mtu anayeambiwa kwamba mgeni mmoja alilala vyumba sita kwa wakati mmoja.

Unga uliookwa mwezi wa tatu na unaofanana nao wa mwezi wa sita ukapelekwa Ulaya, kwenye maabara inayotazama kwa nyutroni, chembe za ndani ya atomi. Nyutroni zina adabu tofauti. Zinaiona oksijeni vizuri, na wale jamaa walikuwa na namna ya kuhesabu inayouliza swali la mtaani: wewe hapo, jirani yako wa kwanza yuko umbali gani? Na wa pili? Na wa tatu? Barua ya majibu ilifika mwezi wa kumi, ndani yake mikunjo miwili ya karatasi zenye michoro, mmoja kwa kila unga. Daktari aliufungua mkunjo wa mwezi wa sita, akausoma akiwa amesimama, akausoma tena akiwa amekaa. Jirani kwa jirani, hakukuwa na mchemraba. Kulikuwa na chuma chenye majirani sita, na tabaka linalofuata chuma chenye majirani wanne, mapengo yamepanga mstari kama watu wa swala. Mwenye watano hakupatikana hata mmoja. Ukienda mbali zaidi, nyumba kumi au kumi na tano, ndipo mchemraba unarudi kama vile hakuna kilichotokea.

Unga mmoja, picha mbili. Daktari alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na mashine ya thamani upande mmoja na mtu wa darasa la nane upande wa pili, na akachagua la kuamini. Alimwita Mtoro akamuuliza mwezi wa sita alifanya nini. Mtoro akajibu kwamba alifanya kama ilivyoandikwa. Alichelewa kidogo kujibu. Kuchelewa kule ndiko kulikommaliza. Daktari akawaza kwamba unga umebadilishwa, au umechanganywa na mwingine uliokuwa rahisi kuutengeneza. Na chuoni wakati huo kila idara ilitakiwa kupeleka majina ya watu wa kupunguzwa, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Akamwambia aende kwao akapumzike, atamwita.

Sasa nikwambie kilichomchelewesha ulimi, maana Mtoro hakuwahi kumwambia mtu. Mwezi wa sita mtungi wa gesi uliisha baada ya saa tisa za kuoka, alasiri, Daktari yuko mkutanoni Arusha. Siku zile shirika lililokuwa likiwaletea gesi lilikuwa linauzwa, mitungi inakuja nusu na anayeleta hajui ataajiriwa na nani kesho. Vidonge vimo ndani, moto umepanda, hewa ikiingia siku zote za kutwanga zimepotea. Mtoro akafanya alichofanya baba yake. Alichukua kipande cha mkaa, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, akakisukuma kwenye mdomo wa bomba, mbali na vidonge, kikawa chekundu. Akaziba ncha zote mbili kwa udongo wa mfinyanzi. Hewa itakayopenya itakutana na mkaa kwanza, na mkaa utaila. Alikaa hapo mpaka siku ya pili akitafuta nyufa kwa unyoya wa kuku. Kisha akafungua daftari la tanuru na kuandika: gesi, saa ishirini na nne.

Uongo wa maneno machache. Na ubaya ni kwamba hata yeye hakujua kama mkaa ule uliharibu unga au haukuharibu. Ndiyo maana alilichukua kopo lenye mabaki ya mwezi wa sita, akalitia saini, akapanda nalo basi. Alihofu kwamba akiwa hayupo mtu ataweka unga mwingine humo, na kosa lake moja liwe mawili. Hakuwaza kwamba kulichukua ndiko kutakakomfanya aonekane mwizi. Wanaoshuku sana wana upofu huo, wanaangalia mikono ya wenzao tu.

Nyumbani alikuta hali si nzuri zaidi. Binti yake, Nasra, alikuwa anaolewa baada ya wiki mbili, na mkeka wake ulikuwa karibu kuleta maneno. Kwa desturi ya ukoo wa Mwanahawa, mkeka wa bibi harusi hausukwi na mtu mmoja. Kila shangazi, kila somo, kila mama mdogo husuka shupatu lake kwake, ukanda wa ukindu wenye upana wa kiganja, na siku ikikaribia mashupatu yote huletwa na kushonwa kuwa mkeka mmoja. Msimamizi alikuwa Bi Biasha, shangazi yake Mwanahawa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Mwaka huu alitaka urembo wa vitundu. Aliwapelekea wote agizo moja: kila mahali pa sita, acha pengo.

Mashupatu kumi na moja yakashonwa, mkeka ukaanikwa kwenye kamba uani, na Alhamisi asubuhi Bi Biasha akaukaribia kuukagua. Kilichofuata jirani wa nyumba ya tatu alikisikia bila kutega sikio. Alisema mtu kauharibu makusudi. Mapengo ya shupatu moja yanakwenda kwa urefu, ya pili yanakatiza kwa upana, ya tatu yanakwenda mshazari kama mlevi. Alimshuku Ashura, mmoja wa wasukaji, kwa kuwa bwana harusi aliwahi kutajwa kwamba atamwoa binti wa Ashura. Ashura akamshuku msukaji mwenzake, Muzdalifa, ambaye macho yake hayaoni vizuri na hakubali. Muzdalifa akaapa kwamba alihesabu kwa vidole. Mwanahawa alikuwa katikati, anamshuku kila mtu, na mumewe zaidi ya wote, kwa sababu ya kopo.

Mtoro alikuwa kwenye mlango wa jiko anakunywa chai. Kutoka pale aliuona mkeka wote, na kutoka pale haukuwa na kasoro. Vitundu vimetawanyika sawasawa, hakuna upande uliozidi wala uliopungua. Akashangaa wanagombania nini. Akaweka kikombe chini, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukindu. Hapo akaona. Ndani ya kila shupatu kulikuwa na nidhamu ya askari, mstari juu ya mstari. Ila shupatu hili na lile la pembeni yake hayakuelewana. Akaanza kuhesabu. Alihesabu yote kumi na moja, wanawake wanamwangalia kama anayepandisha mashetani.

"Hakuna aliyeharibu, Shangazi," alisema mwishowe. "Kila mmoja kaacha moja katika sita. Ila kila mmoja na upande wake."

"Kwa hiyo wameharibu wote," Bi Biasha akamjibu. "Ahsante, mkwe, nilikuwa nimefikiri ni mmoja."

Mtoro hakumsikia vizuri. Alikuwa amerudi mlango wa jiko, akatazama, akaenda tena kwenye mkeka, akarudi tena. Mwanahawa akadhani sasa mambo yamefika kichwani. Lakini Mtoro alikuwa ameelewa mahali eksirei inaposimama. Inasimama mlango wa jiko. Inaona mashupatu yote kwa mpigo, mshazari unafuta urefu, urefu unafuta upana, inarudi na habari kwamba kila mahali kuna sehemu ya sita ya pengo. Haijasema uongo. Nyutroni za Ulaya zilibandika pua. Nazo hazijasema uongo.

Furaha hiyo ilidumu muda wa kumaliza chai. Kisha shaka ikamrudia. Kama unga huo ndivyo ulivyo kwa asili yake, basi unga wa mwezi wa tatu, ambao Daktari mwenyewe aliusimamia kwa gesi kamili, nao utakuwa na mapengo yaliyojipanga. Lakini kama mapengo yale yalipangwa na mkaa, basi mwezi wa tatu yatakuwa hayapo, na yeye kwisha. Mkunjo wa mwezi wa tatu alikuwa nao Daktari. Na kuuomba ni lazima aseme kwa nini anautaka.

Daktari hakumpa muda wa kupanga. Alifika mchana huohuo kwa Land Rover ya chuo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amefungua kabati asubuhi akakuta kopo halipo, na safari nzima ya kuja Kibiti alikuwa akiitunga hotuba. Mwanahawa alimtandikia, akamletea chai na mihogo. Daktari alikula kwa heshima, kipande kimoja, halafu akaomba kopo. Mtoro akalileta. Daktari akaligeuza upande huu na huu.

"Saini hizi za nani, Mzee Mtoro?"

"Zangu."

"Kwa hiyo aliyelichukua ndiye aliyelifunga."

Mtoro akaona jinsi linavyoonekana, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Daktari akatoa bahasha kwenye mkoba, akaiweka juu ya kitanda cha kamba kati yao. Alisema kwa upole kwamba humo mna jina moja, na sababu, na kwamba kesho saa sita itafika kwa mkuu wa idara. Angependa kabla hajaipeleka asikie kwa kinywa cha mwenyewe unga wa kweli ulikwenda wapi. Mwanahawa alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Pazia lilikuwa halitikisiki hata kidogo, na Mtoro alijua mkewe anapumua kwa hesabu.

"Daktari, majibu ya mwezi wa tatu unayo?"

"Ninayo. Ya nini? Wa mwezi wa tatu niliuoka mwenyewe."

"Ndiyo maana nayataka."

"Lakini tatizo liko mwezi wa sita." Daktari akavua miwani. "Kwa nini unaanza kuuliza ya mwezi wa tatu, Mzee?"

Hapo palikuwa na njia mbili, na Mtoro aliziona zote. Angeweza kusema hana sababu. Daktari angeondoka na bahasha yake, mwizi wa unga angekuwa kapunguzwa, na siri ya mkaa ingebaki Kibiti milele. Au aseme, na pengine ajimalize kwa mdomo wake. Alilitazama pazia. Halafu akaanza kusema, polepole, macho kwenye mihogo. Akaeleza mtungi ulivyoisha, saa ngapi, mkaa wa mti gani, udongo aliutoa wapi, unyoya wa kuku. Alipofika kwenye daftari sauti ikawa ndogo.

"Niliandika ishirini na nne. Gesi ilikwenda tisa. Hizo nyingine ni mkaa."

Daktari alikimaliza kikombe chake. Kisha akauliza mkaa ulikuwa mkubwa kiasi gani. Mtoro akamwonyesha ukucha. Akauliza ulikuwa mbali gani na vidonge. Mtoro akapima kwa mkono kwenye kitanda. Ndipo hasira ikamjia Daktari, na haikuwa ya mkaa. Ilikuwa ya daftari. Alisema mtu anaweza kuoka kwa mkaa, kwa kuni, kwa kinyesi cha ng'ombe, mradi aandike. Alisema kuna watu Ulaya wamepoteza wiki mbili za mashine kwa sababu ya mstari mmoja. Mtoro hakujitetea, na Daktari, ambaye alikuwa amejiandaa kwa utetezi, akajikuta hana pa kuipeleka hasira yake.

Akaufungua mkoba. Mkunjo wa mwezi wa tatu ulikuwa bado umekunjwa vile ulivyotoka posta. Hakuwahi kuufungua vizuri. Kwa nini aufungue, na unga ule ni kazi ya mkono wake? Wakatoka nje penye jua. Akaulaza mkunjo mmoja juu ya mwingine, akaiinua juu mwanga upite. Kila mkunjo ulikuwa na mstari unaopanda na kushuka kama vilima, kila kilima ni umbali wa jirani. Kilima cha kwanza cha mwezi wa tatu kikalala juu ya kilima cha kwanza cha mwezi wa sita. Cha pili juu ya cha pili. Cha tatu cha mwezi wa sita kilikuwa kifupi kwa kiasi cha unywele. Daktari akazigeuza karatasi, ya chini juu, ya juu chini, akainua tena. Alimshuku Mtoro, akaishuku karatasi, akalishuku jua.

"Huu ni wangu," alisema, zaidi akijiambia. "Huu nimeusimamia mimi."

"Nao una sita na wanne?"

"Una sita na wanne." Akazishusha karatasi. "Hakuna watano."

Ilibaki eksirei. Daktari alikuwa bado hakubali kwamba picha mbili zinaweza kupishana hivyo na zote ziwe za kweli. Alikuwa anasema labda kosa liko kwenye mashine ya Dar es Salaam. Mtoro akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote, akampeleka mlango wa jiko, akamwambia atazame uani.

Bi Biasha akasimama mbele ya mkeka kama polisi. Mkeka wa bibi harusi mwanamume mgeni hauchungulii kabla ya siku yake, awe daktari awe nani, na huyu hata sindano hana. Kwa mbali, sawa. Daktari akatazama kwa mbali. Mtoro akamuuliza anaona nini. Akasema anaona vitundu vimetawanywa sawasawa, kazi nzuri. Bi Biasha akaguna. Mtoro akamsihi Shangazi amruhusu mgeni asogee, ni jambo la kazi, na bibi akafikiri, akakubali shupatu moja tu, la kwake mwenyewe, kwa sababu hilo lilikuwa sahihi. Akayafunika mengine kwa kanga mbili. Daktari akainama.

"Hapa yamepanga mstari," akasema. "Kwa urefu wote. Haya mengine nayo?"

"Hayo usiyaulize," Bi Biasha akamwambia. "Kila mtu kafuata kichwa chake. Na ukiwauliza, kila mmoja atakwambia kaacha moja katika sita, na huwezi kumkamata."

Daktari akabaki ameinama kwa muda ambao Bi Biasha aliuona haufai. Alipoinuka alirudi mlango wa jiko, akatazama, akasogea tena, akakatazwa, akarudi tena. Mwanahawa aliyatoa macho nje ya pazia akaona sasa wamekuwa wawili.

Wakakaa tena kwenye kitanda cha kamba. Daktari aliichukua ile bahasha, akaichana katikati, kisha akaichana mara ya pili, vipande akavitia mfukoni mwake, hakuviacha. Mtoro aliviangalia mpaka vilipozama. Daktari akasema la kubadilisha unga limekwisha na hatalisema tena. Lakini la daftari halijaisha. Atamwandikia onyo, na kwa miezi sita tanuru litakuwa na saini mbili, ya Mtoro na ya kwake. Na Jumatatu, jambo la kwanza, Mtoro ataukata ule mstari kwa wino mwekundu na kuandika ulivyokuwa, mkaa na udongo na unyoya, na tarehe.

Mtoro akauliza kama hilo onyo linaweza kuandikwa sasa hivi. Daktari akasema litapigwa mashine ofisini. Mtoro akasema ofisini kuna watu wengi, na kati ya Kibiti na ofisini kuna Ijumaa ya kupeleka majina. Daktari akamtazama, akatoa kalamu. Aliandika ukurasa mzima, akausaini, akampa.

Mtoro akausoma. Akausoma tena kidole kikifuata mstari. Kisha akaugeuza nyuma, akauinua kwenye jua, akatazama kama kuna kingine.

"Hakuna kingine, Mzee Mtoro."

"Nimeona," Mtoro akasema, na akaendelea kutazama. Mwishowe akaomba nakala. Hapakuwa na karatasi ya kaboni Kibiti nzima ambayo Daktari angeipata muda ule, na gari lilikuwa limeshawashwa. Ikabidi msomi wa watu akae chini aliandike upya onyo lote kwa mkono, mstari kwa mstari, na Mtoro akiwa amesimama nyuma ya bega lake, nakala ya kwanza mkononi, anahakikisha kila neno.